Kwa Mama Bernadetha wa Nyarero: Neno Hatukulifuta

Mwaka umekatika, Mama Bernadetha, tangu tulipokulaza nyuma ya nyumba yako hapa Nyarero, na bado kuna mtu humu ndani anayekumiminia chai asubuhi kisha ndipo anakumbuka. Hatumtaji. Anajijua.

Ulikuwa mtu wa kelele, tuseme kweli. Kanisani uliimba kwa sauti iliyowatangulia wenzako, ukamaliza ubeti wao wakiwa katikati. Ulilima ulezi na migomba, ukauza chai na viazi kando ya barabara ya kwenda Sirari, na kila aliyesimama mezani pako ulimuuliza kwanza kama amekula. Salamu zilifuata baadaye. Mkono wa birika haukuwa wako kamwe.

Kusali, ulisali kama mtu anayegombana na mwenye duka. Ukiulizwa imani hiyo ulifundishwa na nani, hukumtaja padri wala katekista. Ulimtaja Abonyo, Mjaluo wa upande wa Kenya, muuza dagaa. Ule mwaka ng'ombe wenu walipoibwa na mumeo akafariki, Abonyo alikuachia dagaa mlangoni msimu mzima, akaondoka bila kuuliza lolote. "Malaika mwenye mabawa sijamwona," ulizoea kusema. "Nimemwona Abonyo, na amenitosha."

Kisha akaja Modesta.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowapandisha watu wazimu, vijana wakatupa majembe wakajaa machimboni. Modesta, binti wa Kenyamonta, alikuwa huko akiponda mawe, na kaka yake Joram akichimba. Siku moja duara, shimo lile la kuchimbia, likaporomoka, lote likamfunika Joram na wenzake, na wenye shimo wakahamia shimo jingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Modesta akaondoka na huzuni yake, na mimba isiyo na wa kuipokea, akaelekea Sirari ili avuke mpaka apotelee huko. Hakuwa na mbele wala nyuma. Ulipomuuliza kama amekula, alikujibu kavu kabisa kwamba chakula atakila, lakini usithubutu kumwombea, maana Mungu alikuwa likizo siku Joram alipokuwa anaita. Mwingine angeshika kifua. Wewe ulimsogezea chai na kiazi, ukamwambia haya, kula, kuomba nitaomba mimi kwa niaba yetu wawili.

Hakuvuka. Akakaa wiki, wiki ikawa mwezi. Nawe, mjane usiye na mtoto, ukafanya lile linaloruhusiwa na desturi yetu ya Kikurya, ambalo wageni wakilisikia hufungua midomo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mke, na watoto wa mke huyo wanakuwa wa nyumba yake. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita. Ng'ombe wakaswagwa mpaka Kenyamonta kwa wazazi wa Modesta, mbuzi wakachinjwa, na Modesta akawa wa hapa.

Watu walisema mpaka wakachoka. Mzee Marwa, jirani yetu na ndugu wa ukoo, alitangaza kwenye pombe kwamba Bernadetha ametupa mifugo mtoni. Modesta alipojifungua mtoto wa kike wakaanza upya, maana walimsubiri wa kiume. Wewe ulimpokea Dorah kwa vigelegele hadi watu wa ng'ambo ya bonde wakadhani ni mapacha. Anold alipokuja baadaye, hukumwongezea hata kigelegele kimoja. Hilo Dorah humkumbusha Anold mpaka leo.

Modesta hakugeuka mlokole kwa sababu ya chai. Mlipokuwa mkisali jioni alikaa na macho wazi, kimya, miaka na miaka, kwa kuwa hakutaka kukudanganya, nawe hukumsukuma. Alikuwa anakutazama tu. Mzee Marwa alipovunjika mguu wanawe wakiwa mbali, Modesta alikuona ukikoroga uji kumpelekea, yule yule aliyekucheka. Akawaka. Akakuuliza, Mama, wewe huna hata aibu? Ukacheka, ukamwambia achukue bakuli la pili, mzee anakula sana. Akalichukua huku amenuna, akaendelea kulichukua mpaka mzee akasimama.

Sasa sikia yaliyotokea baada yako. Dhahabu imetufuata nyumbani. Wachimbaji wamepata mawe mazuri shambani kwa jirani, na mwamba, wanasema, unapita chini ya migomba yako, na chini yako wewe mwenyewe. Shemeji yako Waisiko, mdogo wa marehemu mumeo, unamjua. Si mtu mbaya, ila akiona kinachong'aa masikio yanaziba.

Tulipokaa na ukoo kupanga kumbukumbu hii, Dorah alitusomea tulichokuwa tumeandika. Alipofika kwenye "mke wako, Modesta," Waisiko akasimama. Neno hilo litoke, akasema, tuandike "binti aliyemtunza marehemu." Likitoka, yeye atatoa fahali wa sherehe, atakuhamishia kwenye kaburi zuri la saruji pale juu penye kivuli, na Modesta atarudishwa kwao Kenyamonta kwa heshima na mgao wake wa dhahabu. Alisema kwa upole, karibu utamu. Lakini hakuna mtoto mchanga katika ukoo huu. Mke ana nyumba na shamba, binti mtunzaji ana shukrani na nauli. Tukilifuta neno lile kwa mkono wetu wenyewe, nyumba nayo imekwenda.

Hatukufichi kitu, Mama: Modesta aliyumba. Paa linavuja, Anold bado yuko shule, na miguu yake mwenyewe si ile iliyomleta kutoka machimboni. Aliinamisha kichwa akawaza jinsi ilivyo rahisi kukubali na kushika njia, kama alivyowahi kuishika. Katika uwanja ule wote hakukuwa na hata mtu mmoja wa damu yake wa kumsemea.

Aliyesimama ni Mzee Marwa. Alijiinua kwa fimbo, taratibu, kofia imepinda, na sisi tukajua sasa tumekwisha.

"Mura, kaa chini," alimwambia Waisiko, akimwita kijana. "Wale ng'ombe tuliwaswaga mimi na wewe mpaka Kenyamonta. Wewe ndiye ulikuwa mbele unapiga mluzi. Nyama ya ndoa ile uliila, na paja ukabeba nyumbani kwako. Leo haikuwa ndoa?"

Waisiko alikuwa amesahau hilo, au alidhani wenzake wote wamesahau. Akasema mambo ya zamani ni ya zamani. Mzee akamjibu kwamba hata yeye aliicheka ndoa ile, tena kwa mdomo wazi, na kwamba mguu anaosimamia sasa hivi uliponeshwa na uji wa wanawake hawa wawili. Kisha akakaa, maana mguu ulikuwa umeanza kumuuma.

Modesta alimtazama yule mzee. Alitusimulia baadaye kwamba miaka yote alikuwa bado anamngoja Mungu pale kwenye shimo alipofia Joram, na kumbe amefika kwa njia nyingine, anachechemea. Akainuka.

"Shemeji, sina ugomvi na wewe," alisema, bila kupepesa macho. "Dhahabu siitaki. Kaburi halisogei, mimi sisogei, na neno litabaki lilivyo."

Kikao kikafikia kufungwa kwa sala, tukaanza kutazamana, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa yako na hakuna aliyewahi kuigombea. Modesta hakungoja kuombwa. Aliomba kwa sauti, Mama. Alimtaja Joram, jina ambalo hatukuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake katika sala. Akakutaja wewe na Abonyo wako, akamtaja Mzee Marwa, na Waisiko naye akamtaja, kwa jina lake, bila hila. Dorah alilia waziwazi. Sisi wengine tulijikaza kisabuni tukashindwa.

Waisiko aliondoka bila kuaga. Wenye sururu wamekuja kuchungulia shamba mara kadhaa, wanamkuta Modesta analima, wanamwamkia shikamoo, wanazungukazunguka, wanakwenda zao. Tunaambiwa watarudi na wakubwa. Na warudi. Ulezi tumeshapanda, paa tutaliziba wenyewe, na jioni Modesta ndiye anayeanzisha wimbo, ingawa yeye huchelewa pale wewe ulipokuwa unawahi.

Ibada ya kukuombea itafanyika hapa hapa kando ya kaburi lako, Jumamosi hii baada ya misa ya asubuhi. Hatuna fahali. Tuna maharage, ugali na ndizi, na atakayefika atakula ashibe.

Kukusahau, Mama, hatuwezi leo wala siku zote tutakazokuwa hai. Unakumbukwa na watoto wako, Dorah na Anold; na rafiki yako Abonyo, ng'ambo ya mpaka; na Mzee Marwa; na shemeji yako Waisiko, ambaye tumemwandika bila kumuuliza kwa kuwa bado ni wetu;

na mke wako, Modesta.