Wimbo wa Mtumbwi

Nairobi, 3 Aprili 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu umepunguza kuuma. Mimi niko sawa, ila koo linanisumbua.

Usione nimeacha kukupigia simu ukadhani nimeingiwa na maringo. Daktari amenikataza kuongea mchana, sauti yote niiweke kwa ajili ya shoo. Kwa hivyo nimepatana na Halima wa duka la simu pale Garsen. Nikimtumia barua atakutolea kwenye karatasi, nawe ukiandika yako atanipigia picha anitumie. Anasema mwandiko wako bado ni wa ubaoni, ingawa umestaafu ualimu.

Baba, albamu yetu imetoka. Inaitwa Maji Marefu. Bendi ni ileile, Kutu: mimi naimba, Oliver yuko kwenye gitaa, Mansur kwenye besi, na ngoma anapiga Galgalo, yule mtoto wa Mzee Wario mwenye ng'ombe huko kwetu. Najua muziki wetu wa metal wewe unauita kelele za mabati. Sasa tunaondoka kuuzungusha: Nakuru, Eldoret, Kisumu, Kampala, kisha tumalizie Mombasa. Tumepata gari la zamani la kubebea mkate. Bado linanukia mkate, jambo ambalo si baya mtu akiwa na njaa.

Kitu kimoja nataka ukisikie kutoka kwangu kabla hujakisikia kwa watu. Wimbo mkubwa kwenye albamu ni wa Mama. Unaitwa "Mtumbwi Haukuja." Unasimulia mafuriko ya El Niño nilipokuwa mdogo, vile ulivyonibeba begani ukanivusha, na vile Mama alivyobaki akingoja mtumbwi ambao hakuna aliyeuleta. Nimeukasirikia ule mtumbwi maisha yangu yote, Baba. Nikiuimba watu hunyamaza, hata wale waliokuja kurukaruka.

Nisalimie majirani.

Ni mimi mwanao,
Valentine


Kulesa, 12 Aprili 2024

Kwako mwanangu Valentine,

Marahaba. Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mguu uko vilevile. Wengine wote ni wazima, Mungu ni mwema.

Mvua imeanza vibaya. Si mvua ya hapa inayotutisha, ni ile ya juu, maana mto unaleta maji mekundu na miti mizima. Mahindi ya bondeni nimeyavuna mabichi nikayachoma, bora niyale mimi kuliko yaliwe na mto.

Kanisani kuna maneno. Mtu fulani aliletewa picha yako kwenye simu, umejipaka rangi nyeusi machoni na umefungua mdomo kama simba. Ikazunguka kwaya nzima mpaka ikanifikia. Wazee wakaniita, wakaniambia kwa upole sana, "Mwalimu, pumzika kidogo kuongoza nyimbo mpaka jambo hili lipoe." Nikawauliza, "Jambo gani?" Wakatazamana. Basi nimepumzika. Usilibebe moyoni, hata sauti yangu siku hizi haipandi.

Habari ya huo wimbo tutaongea siku nyingine.

Kula vizuri. Gari la mkate likizimwa usilale ndani madirisha yakiwa yamefungwa.

Baba yako,
Tom


Kisumu, 23 Aprili 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mguu je? Nimesikia kwenye redio kwamba mto Tana umevunja kingo. Niambie ukweli, maji yamefika wapi?

Mimi nimechoka, Baba. Nimechoka hadi kucha.

Nakuru tulipiga nyimbo tatu tu, mwenye ukumbi akakata umeme. Alisema majirani wanalalamika kwamba kuna watu wanaitana na mashetani. Mansur akamjibu, "Mzee, hata mashetani wakija hawatatusikia, spika zako mbovu." Tukafukuzwa. Eldoret mvua ilipasua paa la ukumbi, na maji yakaingia kwenye spika. Tuliimba hivyo hivyo, nyaya zikitoa cheche, watu wakishangilia wakidhani ni pambo la shoo. Oliver, aliyetaka tusimamishe, hakucheka. Baada ya pale hajaniongelesha, tunatumiana habari kupitia kwa Mansur kama mume na mke waliogombana.

Gari lilikufa Londiani. Tulilisukuma kwenye matope mpaka Mansur akateguka kidole cha mkono anaopigia besi. Sasa anapiga kwa vidole vilivyobaki.

Hapa Kisumu nilipoimba wimbo wa Mama nilisikia kitu kama uzi unakatika kooni. Nikatema damu nyuma ya jukwaa. Si nyingi, usishtuke. Daktari wa hapa alinimulika akasema, "Dada, ukiendelea hivi hutaimba tena, na hata kuongea kutakuwa shida." Nikamwambia zimebaki shoo mbili. Akafunga faili.

Lakini lililotuvunja kabisa ni simu aliyopigiwa Galgalo. Maji yamebeba ng'ombe wa baba yake, na ndama waliobaki wamekwama kisiwani bila majani. Aliniuliza, "Val, nifanye nini?" Mimi nikanyamaza kwa sababu nilitaka abaki. Naye akauelewa ule ukimya. Asubuhi tukakuta vijiti vyake vya ngoma juu ya kiti changu, na yeye hayupo. Ukikutana naye mwambie simlaumu. Shoo ya Kampala tumeifuta. Imebaki Mombasa, na hatuna mpiga ngoma.

Mwanao,
Valentine


Kulesa, 30 Aprili 2024

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Maji yamefika kwenye mti wa ukwaju ulio mbele ya baraza, nami nimepandisha kitanda juu ya matofali. Barua hii ataipeleka Galgalo mwenyewe kwa Halima.

Ndiyo, amekuja. Amekonda. Ndama wamewaokoa wachache, na Mzee Wario anakaa tu anatazama upande wa mto. Nilimpa kijana ujumbe wako. Akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, nilikimbia bila kuaga, lakini ningeaga nisingeondoka."

Kisha nikamwomba aniwekee ule wimbo kwenye simu yake. Tulikaa barazani, miguu yetu ikiwa majini. Nitakuambia kweli, muziki wenyewe sikuupenda. Ni kama mtu anabomoa nyumba huku akiwa ndani. Lakini nilisikia jina la mama yako ukilitaja, Sarah, Sarah. Nina miaka mingi sijasikia mtu akilitaja kwa nguvu. Nikamwambia Galgalo aurudie. Akaurudia.

Sasa nisikilize, Valentine. Mtumbwi ulikuja.

Habari ya kukubeba begani ilianzishwa na shangazi zako wakikubembeleza, nami nikaiacha iendelee. Ni mtumbwi uliokuvusha. Mtu wa kijiji cha Idsowe, nisiyemjua, alikuja jioni akipita nyumba kwa nyumba. Wewe ulikuwa na homa. Nyanya yako, mama yake mama yako, alikuwa amepooza upande mmoja na hawezi kuketi. Yule mtu akatazama, akasema, "Huyu bibi akilazwa humu tutapinduka wote. Nipeni hao wengine, kesho nitarudi na mtumbwi mkubwa."

Nikamwambia mama yako aingie na wewe, mimi nibaki na mkwe wangu. Akakataa. Akasema, "Mama yangu atahitaji kuoshwa na kugeuzwa usiku. Utamwosha wewe? Atakufa kwa aibu kabla ya maji kumfikia." Nikabishana naye. Akanipandia sauti, na unajua, au hujui, mama yako hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Tom, mtoto anaungua. Nenda!" Nikaenda.

Mtu wa Idsowe alitimiza ahadi. Tulirudi naye kesho yake na mtumbwi mkubwa. Mama yako alikuwa ameshikwa na kipindupindu usiku uleule, kwa yale maji tuliyokuwa tukinywa, na alikuwa amekwisha kukata roho. Nyanya yako tulimkuta hai, kavu, safi, amefunikwa leso zote zilizokuwa nyumbani.

Sikukuambia kwa sababu mtoto angeuliza, kwa nini alimchagua mamake akaniacha mimi. Ukakua, na bado nikaogopa swali hilohilo. Lakini siwezi kukuacha umtukane yule mtu wa Idsowe mbele ya watu kila usiku. Wala siwezi kuacha watu wamfanye mama yako kuwa mtu aliyesahauliwa. Hakusahauliwa na mtu. Aliamua.

Ni mimi baba yako


Garsen, 15 Mei 2024

Kwako mwanangu Valentine,

Salamu. Sijapata jibu. Halima anasema barua ilifika na uliisoma, anaona alama kwenye simu.

Nimehamia Garsen, kwenye shule, pamoja na watu wa Kulesa wengi. Nyumba ina maji hadi dirishani. Galgalo alinileta, akanibebea na godoro. Watu wa Mzee Wario wako darasa la pili kutoka letu. Qabale, mke wake, ananiletea chai asubuhi, nami nawafundisha wajukuu wake hesabu ili wasizurure majini.

Kama umekasirika, kasirika lakini niandikie. Hata neno moja.

Baba


Mombasa, 20 Mei 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa naanza barua naichana. Nilikasirika, ndiyo. Si wewe. Nilimkasirikia Mama, halafu nikaona aibu, halafu nikalala siku mbili hotelini Mtwapa huku Mansur akinigongea mlango na supu.

Jana ilikuwa shoo ya mwisho. Mpiga ngoma tulimwazima kijana wa kanisani, anayepigia kwaya yao. Watu walikuja nusu ukumbi. Ilipofika zamu ya wimbo wa Mama, Oliver akaanza gitaa, nami nikafungua mdomo na sikuweza. Si koo, Baba. Koo lilikuwa na kitu kidogo kilichobaki. Ni yale maneno, yalikataa kutoka.

Nikamwonyesha Oliver anyamaze. Nikasogea karibu na maikrofoni nikasema kwa sauti ya kukwaruza, "Huu wimbo una uongo. Mtumbwi ulikuja. Mama yangu alibaki kumwosha mamake." Basi. Nilitaka kusema zaidi, hakikutoka kitu. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Pigeni basi!" Nadhani hakusikia nilichosema. Wakapiga bila mimi, muziki mtupu, nami nikasimama pale mikono chini hadi ukaisha.

Baadaye Oliver alikuja nyuma ya jukwaa, akaongea nami kwa mara ya kwanza tangu Eldoret. Akasema, "Ungeniambia kwamba hujiwezi." Nikatikisa kichwa. Akaketi kando yangu. Asubuhi ameondoka na gari kurudi Nairobi. Hakuna aliyetamka kwamba bendi imekufa, lakini kila mtu alibeba vyombo vyake.

Sasa siongei kabisa. Ninaandika kwenye karatasi hata nikinunua maji. Daktari wa hapa amesema nisitoe sauti kwa miezi, kisha tuone. Hakuahidi.

Nakuja nyumbani. Wanasema barabara imekatika kabla ya Garsen na watu wanavushwa kwa boti. Nitafika Alhamisi.

Nina swali moja tu. Ile jioni, nilikuwa macho? Mama aliniambia nini?

Mwanao,
Val


Garsen, 21 Mei 2024

Kwako mwanangu,

Marahaba, marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama hapohapo dukani kwa Halima, na najibu palepale.

Ulikuwa macho. Alikufunga leso kifuani, akakupangusa pua, akakuambia, "Huko ukipewa uji usikatae." Ndiyo hayo tu. Ulikuwa na tabia ya kukataa uji. Mtumbwi ulipoondoka alikuwa amekwisha kuingia ndani, maana nyanya yako alikuwa anamwita.

Najua ulitaka neno kubwa zaidi. Hata mimi nilitaka. Kwangu alisema "Nenda!"

Kanisani sijarudishwa, na kanisa lenyewe liko chini ya maji, kwa hivyo hatudaiani. Hapa darasani tunalala watu wengi, lakini nimekutengea upande wa ukutani. Nimewaambia wote kwamba huongei, wasikusumbue kwa maswali. Qabale anasema atakuchemshia maziwa.

Alhamisi nitakuwa pale boti zinapotia nanga, tangu asubuhi. Kuna watu wengi na injini zinapiga kelele. Usijaribu kuniita. Inua mkono tu, nitakuona.

Baba yako