Daraja Ulilolipitisha

Busunzu, Aprili 1976

Mdogo wangu Venanti,

Sisi hatujambo. Maharage yamekubali, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Daraja ambalo kamati yenu ya ushauri ililipitisha limebomoka. Siku mliyokuja kulikagua hukushuka mtoni. Uliogopa matope, ukabaki nyumbani unakula kuku aliyekuchinjia mama. Juzi majirani walisita kuvuka, maana nguzo zilikuwa zinacheza. Mama akawacheka: "Mwanangu amelikagua." Akatangulia na kapu lake la mihogo.

Tulimwopoa ng'ambo ya pili, tukamzika huko huko, kwa kuwa daraja la kumrudishia nyumbani hatuna.

Njoo uone kaburi. Safari hii mtoni utashuka, na viatu utavivua.

Dada yako,
Immakulata