Wimbo ulioachwa umesimama

Lubumbashi, Jumanne alasiri. Mvua imekatika, mabati bado yanadondosha.

Waheshimiwa wasomaji, nawasalimu mmoja mmoja, pamoja na walio nyumbani kwenu. Naomba radhi kwa kuchelewa: wiki tatu sikuandika neno. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na jambo mezani ambalo sikutaka kulitazama.

Jambo lenyewe ni klé ndogo ya USB yenye muziki. Ililetwa na Bernadette, mshona nguo wa Kasungami, pamoja na barua ya adabu. Yeye na wenzake watatu wanafanya rap, na waliomba ukumbi wa parokia kila Jumamosi, kwa kuwa mwenye nyumba anakichukua chumba chake cha kushonea mwisho wa mwezi, nao hawana mahali pengine pa kupigia. Mimi ndimi mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Niliwajibu kwamba haifai kuingiza kelele na matusi katika nyumba ya parokia, nikatia sahihi.

Sikuwa nimesikiliza.

Jana alituma habari kwamba leo atapita kuichukua klé yake. Malezi yangu hayaniruhusu kumrudishia mtu kitabu chake bila kukifungua. Basi asubuhi, kwa kuogopa aibu tu, niliichomeka redioni.

Nilitazamia majigambo. Nikasikia ngoma ndogo, kama mtu anayefagia ua taratibu asiwaamshe wenye nyumba. Besi ilitembea kwa hatua ndefu. Tarumbeta ilisema kidogo, ikanyamaza, ikamsubiri Bernadette. Naye hakuimba wala hakufoka. Alizungumza juu ya mapigo, akisimulia jinsi wageni walivyokuja kulipima shamba la baba yake, na mzee akawatolea viti. Hii ndiyo rap? Mbona ina jazz ndani yake, tena jazz ya watu wenye subira?

Niliirudia mara tatu. Mara ya tatu nilichukua kalamu niandike noti, kama nilivyozoea kwa kwaya. Nilipofika mwisho niliiweka chini. Wimbo uliishia kwenye do, mi, sol, na juu yake re, noti iliyozidi.

Naifahamu sauti hiyo. Nilipokuwa kijana wa misioni, mpiga kinanda, niliiongeza siku moja mwishoni mwa wimbo wa kutokea kanisani. Padri alikifunga kinanda nikiwa bado nimekaa. Alisema wimbo ukiisha sharti uketi. Eti mimi nimeuacha umesimama mlangoni. Nilimwandikia barua ya kuomba radhi. Marehemu mke wangu Monique, ambaye wakati ule aliimba sauti ya pili, aliniambia kwamba aliipenda sauti ile. Katika miaka yote ya ndoa aliniomba mara mbili niipige tena. Nilimjibu kwamba imekatazwa.

Padri alikuwa amekwisha kurudi kwao zamani.

Bernadette alifika saa nane. Nilimpa kiti, nikamuuliza ni nani aliyewafundisha kumaliza hivyo.

"Hakuna, Papa. Tulijaribu kumaliza muzuri, ikakatala. Maneno ya shamba ilikuwa haiyaisha bado."

Nikauliza mbona sijausikia muziki huu redioni. Alicheka, akasema watu wa redio walimwambia kwamba muziki wao unalalisha wasikilizaji. Kisha akaitazama klé mkononi mwangu.

"Lakini barua yenu ilikuwa muzuri, Papa. Hata kutukatalia, mulitukatalia na heshima."

Heshima hiyo ndiyo niliyojifichia nisisikilize.

Kamati inakutana kesho. Nimeandika barua ya pili: naliondoa neno langu, kwa kuwa nililitoa juu ya kitu nisichokijua, na naomba wapewe ukumbi. Huenda wenzangu wakakataa, kwa kuwa ni mimi niliyewafundisha kukataa. Barua hiyo nitaipeleka mwenyewe na kuisoma nimesimama.

Nimeomba pia kinanda cha ukumbi kifunguliwe. Je, vidole hivi bado vitaifikia re?

Karatasi hii inapelekwa na Bernadette, ambaye anamalizia chai barazani, hadi kwa binti yangu kule mtaani Annexe, anayewapigia chapa maneno yangu. Nimemwomba asiisome njiani.

Lakini bahasha sikuifunga.