Mnyororo Chini ya Meza

Moravia, 29 Desemba 1992

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na kwa mapenzi ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba yote. Natumaini barua imekukuta salama, goti halikusumbui sana, na theluji ya huko Orava haijaziba mlango wa zizi. Sisi huku hatujambo. Mama mkwe wangu Hermína anakusalimu. Ana kikohozi, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata kidogo.

Najua barua hii umeipokea mkononi mwa Matúš, na najua umeshachungulia nyuma yake kunitafuta. Usimgombeze. Kaka yangu amefanya yote uliyomtuma: ameazima lori, ameendesha kutwa nzima kwenye barafu, amefika. Mvue koti, mpe chai, kisha keti unisome mpaka mwisho.

Uliniandikia kwamba chumba changu umekipaka chokaa upya, na kwamba nirudi nyumbani kabla ya mwaka mpya, kabla nchi yetu haijagawanywa kuwa mbili, huku ya Wacheki na huko ya sisi Waslovakia, maana mjane asiye na mtoto hana la kufanya kwenye nchi ya watu. Nami nilikubali, wala sikukubali mdomoni tu. Tangu Radim wangu afariki nimekuwa nikiishi katika nyumba ya mume bila mume, na mama yake, mwanamke ambaye tangu siku ya harusi supu yetu ya kabichi anaiita supu ya wachunga kondoo. Masanduku niliyafunga mwenyewe.

Watu wa huku hawana ubaya, ila mdomo wanao. Jirani yetu mzee Zapletal kila akinikuta dukani ananiambia, “Margita, nunua mkate haraka, mwezi ujao utaununua kwa pasi ya kusafiria!” Kisha anacheka peke yake. Juzi nikamjibu kwamba mimi nitakuja na pasi, lakini yeye jibini la kondoo atalisikia kwenye redio tu. Na jibini letu analipenda kuliko mke wake.

Mama Hermína ndiye hana utani. Marehemu mume wake alizaliwa mwaka ule ule nchi hii ilipozaliwa, mwaka wa kumi na nane, na mama mkwe huyu hapendi kusikia kwamba mzee kafa na sasa nchi nayo inamfuata. Jioni tukitazama televisheni, ananiuliza nani atasoma habari baada ya mwaka mpya. Anasema amezoea Mslovakia asome habari mbaya na Mcheki asome hali ya hewa, au kinyume chake, na mpira utangazwe hivyo hivyo, kipindi cha kwanza kwa Kislovakia, cha pili kwa Kicheki. “Sasa nusu yake nitaisikilizia wapi?” anauliza, kama vile mimi ndiye niliyeketi na wakubwa kule tukaamua. Nikimwuliza yeye mwenyewe anaonaje, anasema yeye hajawahi kuhama jiko hili maisha yake yote, ni nchi ndizo zinazohamahama juu ya paa lake. Aliona Wajerumani wakiigawanya, akaiona ikiunganishwa, akaona vifaru vya Warusi vikipita hapo barabarani, akatikisa funguo zake uwanjani pamoja nasi mwaka ule wa themanini na tisa, tulipoiaga serikali ya kikomunisti. Amechoka kushangaa.

Lakini mama, hakuniambia nibaki. Hata siku moja. Nilipomwambia kwamba nakwenda kwetu, alijibu tu, “Nenda. Kila mtu anakwenda kwao siku hizi.” Akanipa mfarishi wake mzuri wa kujifunika, wa manyoya ya bata bukini, akanifungia chupa za jemu ya plamu kwenye magazeti moja moja zisivunjike njiani. Nikaona ana haraka ya kuniondoa. Niliumia, sikufichi.

Basi ukafika mkesha wa Krismasi. Samaki wa sikukuu alikuwa hai ndani ya beseni la kuogea tangu Jumatatu, na Mama Hermína akimgombeza kwa kurusha maji kama mtu anayemgombeza mpangaji mchafu. Supu yao ya samaki ilikuwa jikoni, kama kila mwaka. Pembeni nikaona sufuria ya pili. Nikafunua. Mama, ilikuwa supu ya kabichi! Kabichi iliyochachushwa, uyoga mkavu, soseji. Plamu kavu alisahau, na ilikuwa kali kiasi cha kukunja uso. Mezani niliila yote.

Tulipokuwa tunakula kaki za Krismasi, zile nyembamba kama karatasi, kwa asali, mguu wangu ukagusa kitu cha baridi chini ya meza. Nikainua kitambaa kidogo. Ulikuwa mnyororo wa fahali, ule wa Radim, umezungushwa miguu yote minne ya meza.

Unajua huku nao wanaufunga kama sisi, ili walioketi mezani wasitawanyike mwaka unaokuja. Lakini kwenye nyumba hii haukufungwa tena tangu msiba. Mwaka ule Mama Hermína aliutupa ghalani akisema ni uongo mtupu, wameufunga na mwanawe amekwenda. Sasa mtu ambaye soksi namvalisha mimi alikuwa ametambaa kwa magoti yake mabovu, nikiwa kanisani, akaufunga.

Nikamuuliza kwa upole ule mnyororo ni wa nini. Akasema, “Mnyororo gani? Meza inayumba.” Akaendelea kula, macho kwenye sahani.

Kisha akaniambia niinuke nikalete samaki. Wewe unajua, mama, usiku ule anayeruhusiwa kuinuka mezani ni mwenye nyumba peke yake. Miaka yote hii aliinuka yeye, hata alipokuwa na homa, na ole wangu nikijaribu. Nikasimama. Nilipofika jikoni nililia huku nimeshika sahani ya samaki, na samaki akapoa, naye akanigombeza kwa hilo.

Hata hivyo sikuwa nimekata shauri. Chumba chako kilikuwa machoni mwangu. Leo Matúš amefika, na alipokuwa anakula akanisimulia kwamba wewe nawe ulifunga mnyororo mwaka huu, ukaniwekea sahani, na watoto wake ukawakataza kukaa kwenye kiti changu. Alidhani ananifurahisha. Nilitoka nikaenda ghalani, nikakaa huko mpaka machozi yakakauka.

Mama, sirudi. Nimeliandika, wala silifuti. Nitaomba uraia wa huku, ingawa baba yangu amelala kwenye udongo wa huko. Wewe una Matúš, una mke wake, una wajukuu wa kukuvuta aproni. Huyu hana mtu. Lakini si huruma tu, usije ukadhani hivyo. Nampenda. Nimejishangaa mwenyewe, nampenda huyu bibi mgomvi, na nikikaa kwenye chumba chako kizuri nitakuwa nasikiliza kikohozi chake kutoka huko.

Nakuomba jambo moja. Najua mnyororo hufunguliwa ikipita sikukuu ya Wafalme Watatu, Januari sita. Mwaka huu usiufungue. Uache mpaka Pasaka, na kiti changu ukiache. Nakuja Pasaka, na Mama Hermína anakuja nami. Anasema anataka kuona supu hiyo inavyopikwa na wanaojua, na kwamba mpakani wakimdai pasi atawaonyesha goti. Mlaze kwenye chumba changu, mimi nitalala nawe.

Wasalimie wote wa nyumbani, shemeji na watoto, na majirani wanaoniulizia. Jemu ya plamu iko nyuma ya lori, pamoja na mfarishi. Mama Hermína amekataa kuupokea tena, anasema ni wako. Nakubusu mikono yako yote miwili.

Mwanao akupendaye,
Margita

Nimesahau: Mama Hermína amechungulia begani kwangu, naye anasema nikuandikie kwamba yeye hakunizuia. Ni meza tu, inayumba.