Jina Lako Kwenye Santuri

Pumwani, Nairobi
Jumatatu

Kwa Baba yangu, Mzee Mbwana,

Shikamoo, Baba. Najua umeshaitikia kabla Zaina hajamaliza kulisoma neno lenyewe, nami marahaba yako naipokea kwa mikono miwili. Huku kwetu mimi na mkweo Mwanahawa tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya Nairobi haijatuzoea wala sisi hatujaizoea. Na huko Tanga, goti lako vipi? Bado unafika Mabawa kwa miguu, au siku hizi unaishia njiani unasingizia salamu za watu? Na kifua cha Mama, ile dawa ya kuchemsha imemfaa?

Zaina dada yangu, wewe uliyesoma shule kwa ajili yetu sote, nakuomba barua hii uisome ndani, mlango umerudishiwa, si barazani. Wala usiruke mstari kwa kumwonea Baba huruma au kunionea mimi haya. Nikishasema hayo, narudi kwa Baba.

Baba, katika barua yako iliyopita uliniuliza ni kazi gani hii ya mtu kusema peke yake chumbani. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu niliona haya. Leo nakueleza yote, maana jambo lililonifanya nishike kalamu limetoka humo humo.

Kampuni yetu hutangaza vitu vya watu wengine: chai, viatu, dawa ya meno, sabuni. Ni kazi yako ya kupiga mbiu, Baba, ila imevaa suruali. Kuna chumba kidogo ambacho kuta zake zimegongomelewa magunia ili sauti isirukeruke. Mbele yangu pana kioo, na nyuma ya kioo amekaa bwana mkubwa wetu, Mzungu mpole ambaye Kiswahili chake hakijavuka mlango wa jikoni. Akiinua kidole naanza, akikikunja nanyamaza. Maneno huja yameandikwa kwa Kizungu, nami huyageuza. Hunihimiza nitabasamu ninaposema, ati msikilizaji huyasikia meno. Hapo nilikukumbuka wewe, uliyepiga mbiu miaka yote hiyo na uso wa mtu aliyetoka kunywa shubiri, na watu wakakusikiliza.

Sauti yangu huingia katika sahani ya santuri, na sahani huchukuliwa na gari lenye vipaza sauti viwili juu ya paa. Gari likisimama sokoni sahani huzungushwa, nami husikika mahali nisipokuwapo. Jumamosi moja nilikuwa nanunua viazi, nikajisikia mwenyewe kwa mbali nikivisifu viatu. Mwenye viazi akaniambia, "Huyu bwana ana maneno matamu, sijui kama hivyo viatu anavivaa." Nikaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa makubadhi.

Jioni huonyesha na sinema uwanjani. Kuna mwanamke anafua huku anacheka, anafua anacheka, mpaka nguo zinakwisha. Mwanahawa alimtazama, akaniuliza kama yule hana watoto. Na kila kitu ni bora kuliko vyote. Chai ni bora kuliko zote, na ile nyingine tuliyoitangaza juma lililopita nayo ilikuwa bora kuliko zote. Siku za mwanzo nilidhani watu watauliza. Hawaulizi, kwa sababu hakuna wa kumuuliza, gari limeshaondoka.

Nikiwa humo chumbani mwa magunia hukumbuka siku aliyokuja yule Mpemba na papa wa chumvi. Alikuita utangaze, ukamwambia kwanza akukatie kipande. Ukakichoma hapo hapo kwenye jiko la mama muuza vitumbua, ukala taratibu, na yule bwana kasimama kama anangoja hukumu ya kadhi. Kisha ukaichukua mbiu yako ukaingia mitaani: "Enyi wa mjini na wa mashamba, mlio ndani na mlio njiani, nisikilizeni. Papa kaingia kutoka Pemba. Mnene, hana harufu, lakini chumvi kali, atakayempika leo amroweke tangu asubuhi." Mpemba akakushika kanzu. "Yakhe Mbwana, nilikwita uniuzie au unifukuzie?" Ukamjibu, "Nimekwambia nitasema nilichokila." Na kabla ya alasiri papa wote walikwisha, tena wanawake walikuja wakiuliza, "Yuko wapi yule wa chumvi kali?"

Ndivyo ulivyokuwa. Usichokionja hukukitangaza, na usichokivaa hukukisifu. Mtu akitaka kukubishia bei aliijua nyumba yako, na aliyetaka kukutukana alikukuta barazani. Nilipokuwa kijana niliona kazi yako ni ya kizamani na nilitamani uwe na sauti ya kupendeza kama za watu wa redioni. Leo nasema wazi, Baba, naionea kijicho.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Naomba ukae vizuri.

Miezi miwili iliyopita tulipewa sabuni mpya ya unga. Tuliijaribu pale ofisini kwa mashati meupe, na Mungu shahidi yalitakata. Nikayasema maneno ya mashati kwa ajili ya watu wa bara, yakaenda. Kisha bwana mkubwa akaniambia kuwa gari litateremka Tanga, na kwa kuwa mimi ni wa huko, nimtengenezee maneno yatakayowaingia watu wa pwani. Nilifurahi, sitaki kukuficha. Nilijiona nimekuwa mtu. Nikamwambia, "Kwetu anayenunua sabuni ni mwanamke, na mwanamke wa pwani humpati kwa shati la mumewe. Mwambie kanga." Akapiga meza kwa furaha. Nikafuta mashati, nikaandika kanga. Nikasema kuwa sabuni hii hutakasa kanga na kuiacha rangi iking'aa kama siku ilipotoka dukani.

Na hapo sikukoma. Nilianza kwa maneno yako, "Enyi wa mjini na wa mashamba," yote kama unavyoyasema, na mvuto ule ule wa mwisho. Kisha nikasema, "Mimi ni Hatibu, mtoto wa Mzee Mbwana mpiga mbiu wa Usagara. Mnalijua neno la nyumba yetu. Kwangu tunafulia sabuni hii tu."

Kwangu, Baba, boksi la sabuni hiyo nililopewa kazini lilikuwa juu ya kabati, halijafunguliwa. Mwanahawa alikuwa anafulia sabuni ya mche kama siku zote.

Ijumaa iliyopita mche ulikwisha, naye akaona asipoteze muda kwenda dukani, akalifungua boksi. Akaloweka kanga zake, na kati yake ile doti nyekundu na nyeusi aliyopewa na Mama siku ya harusi. Niliporudi kutoka msikitini nikamkuta anayatazama maji. Yalikuwa mekundu beseni zima. Ile kanga yenyewe ilikuwa na rangi ya ufizi. Hakupiga kelele, na mimi ningependa angepiga. Aliikamua, akaniwekea magotini mbichi vile vile, akaniuliza, "Sabuni hii uliisema wewe?"

"Niliisema."

"Uliifulia?"

Nikaanza kuikunjua ile kanga.

"Baba Mkwe angeifulia," akasema, akaenda kuzianika zilizosalia.

Nilitaka kuamini kuwa kanga ile ilikuwa kuukuu. Jumamosi nikanunua mpya, nikaikata kipande, nikakiloweka mwenyewe. Ikawa yale yale. Leo asubuhi nikaingia kwa bwana mkubwa na vipande viwili mkononi, kilichofuliwa na kisichofuliwa. Alinisikiliza kwa adabu. Akauliza kama mashati hayatakati. Nikasema yanatakata. Akasema basi sabuni haina kosa. Nikamwambia sikusema mashati, nimesema kanga, na kule Idi inakaribia, kila mwanamke atataka kanga zake zitakate. Nikamwomba apige simu Moshi, lilikokwishafika gari, lizuiwe. Akanionea huruma, nadhani, maana aliniwekea mkono begani. Alisema santuri zimeshakwenda, wenye sabuni wamezisikia na kuzipenda, hasa pale nilipomtaja baba yangu.

Neno hilo lilinichoma, Baba. Nilitoka nje nikasimama ukutani kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Najua watakaonunua ni akina nani. Ni mama muuza vitumbua. Ni wanawake wa Mabawa waliokuwa wakikuuliza wewe kabla ya kumuuliza mwenye duka. Hawataiamini sabuni, hawaijui. Wataliamini jina lako, watachukua kanga walizopewa na watu wao, na watazitia katika maji yale.

Nilikuwa na hiari ya kukaa kimya. Nairobi ni mbali, na hakuna mtu wa Tanga ambaye angekuja kunishika kanzu. Lakini nakumbuka ile habari ya samli. Uliionja juu ya debe ukaitangaza safi, kumbe chini imechanganywa na mafuta. Hakuna aliyekushitaki. Kesho yake, saa ile ile, ukapita njia zile zile, nyumba kwa nyumba, na mbiu yako: "Jana niliwaambia samli safi. Nilionja juu, chini sikufika. Neno langu nalirudisha." Mama aliona haya, akafunga madirisha. Jirani alipotaka akusaidie kulitangaza kwa upande wa sokoni, ulimkatalia, ukasema neno hurudishwa na mdomo uliolitoa. Sikuwa nimekuelewa. Nilidhani ni ukaidi wa wazee.

Kwa hiyo nimeacha kazi leo. Niliandika mistari mitatu, nikamkabidhi bwana mkubwa ufunguo wa chumba cha magunia. Sikufukuzwa, na nikifika nakuomba usinitetee kwa watu kwa kusema nimefukuzwa ili wanionee huruma. Mwanahawa anafunga vitu. Tunateremka kwa gari moshi mpaka Mombasa, kisha basi la kuvukia Horohoro, na Jumamosi inshallah tutakuwa mlangoni kwako. Barua hii natumaini itakufikia Alhamisi. Ningepiga simu ya maandishi, lakini ile hutaka maneno machache, na mimi nina mengi. Zaidi ya hayo sikutaka ulisikie jina lako kwanza kutoka katika bati lililo juu ya gari, ukiwa umesimama njiani na watu wanakutazama.

Gari litaingia mjini Jumatatu ijayo. Litaanza Usagara, liende Mabawa, kisha sokoni, na baada ya hapo litapanda Maramba siku ya gulio. Mimi nitapita Jumapili kabla yake. Jumatatu nitafuata nyuma yake, kila linaposimama na mimi nisimame, sahani ikinyamaza mimi niseme. Watu watasikia sauti moja ikijibishana yenyewe, na watacheka. Waache wacheke. Maramba nako nitapanda. Nitawaambia: hii ni sabuni ya mashati, kanga msiitie, na niliyewaambia muitie ni mimi, sikuwa nimeifulia.

Ninalokuomba ni moja tu. Nataka ruhusa yako nipite na mbiu yako, ili watu watoke majumbani. Najua mbiu hiyo hujapata kumwazima mtu, na mimi ni wa mwisho anayestahili, maana nimeshachukua kitu chako kikubwa kuliko hicho bila kukuomba. Ukikataa sitanung'unika, nitapita na mdomo mtupu. Na tafadhali, Baba, usinitangulie. Najua utakaposomewa mstari huu utakuwa umeshaanza kutafuta makubadhi yako. Goti lako lipumzike. Uliyoyasema wewe yote yalikuwa kweli, huna la kurudisha.

Nisalimie Mama, na umwambie taratibu habari ya ile doti. Mwanahawa anaogopa kuikunja asije Mama akaiona, lakini mimi nimemwambia aibebe juu kabisa ya sanduku, maana nitaishika mkononi nikipita. Msalimie shangazi, yule anayesema nilizaliwa nikipiga kelele, mwambie safari hii nakuja kupiga kelele za haki. Msalimie mume wa Zaina, na mjomba mwenye shamba Maramba, nitalala kwake siku ya gulio akiniruhusu. Nisalimie na mama muuza vitumbua, na kwa huyo usingoje nifike: mpe habari ya kanga leo leo.

Baba, kila barua niliyokuletea nimetia sahihi kwa jina langu na jina lako. Leo nimeandika langu, nikasita, nikaweka kalamu chini. Hilo la pili nitaliandika ukiniambia niliandike.

Wako akupendaye na kukuomba radhi,

Hatibu