Sauti ya Dawati la Nyuma

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini, na mgongo umepona? Maana mtu anayebeba spika za harusi kila wiki akisema "sijambo kabisa" simwamini. Sisi wazima. Mama anasema umekonda kwenye picha. Mimi nasema ni shati.

Kipaza sauti ulichonitumia kilifika. Kidogo kama punje ya hindi, na kinasikia kuliko bibi! Ahsante sana. Sasa kaa nikupashe.

Unajua niko kwenye mazoezi ya ualimu, na mkufunzi wangu hawezi kuja kuniona darasani. Anataka video ya somo zima, isiyokatwa, na watu wasikike. Akiikataa, narudia muhula. Wazazi waliposaini ruhusa nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe wapi!

Mara ya kwanza nilielekeza simu dirishani. Darasa zima likawa vivuli vyeusi. Mama akauliza kama nafundisha mizimu.

Mara ya pili nikaiegesha nyuma, juu ya rundo la vitabu. Picha safi, lakini sauti yangu ilikuwa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Hiyo ni kabla mzigo wako haujafika.

Nilikuwa karibu kuifuta niliposikia mtu ananong'ona jirani na simu. Mjomba, alikuwa Kimya! Huyo ni msichana wa dawati la nyuma. Shule nzima inamwita hivyo, na mimi sikuwahi kumsikia akijibu kitu. Kule mbele natoka jasho kueleza kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo, huku yeye anamwambia mwenzake: "Mkigawana mkate mkiwa watatu, si unapata kipande kikubwa kuliko mkiwa wanne?" Mwenzake akasema, "Aaa, kumbe!" Mimi hakuna aliyeniambia kumbe.

Niliumia, sikufichi. Lakini nikataka kujua: wengine wananong'ona nini?

Basi mara ya mwisho kipaza sauti sikukibana kwenye kola yangu. Nilikiweka kwenye madawati ya nyuma, nikawaacha wajadiliane kwanza ndipo wanijibu. Nikazunguka kuwasikiliza, nikasahau kamera, nikasimama mbele yake pwaa! Mara sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, sogea, umeziba kamera!" Alikuwa Kimya. Darasa likaangua kicheko, naye akacheka, kisha akanyoosha mkono na kujibu swali.

Nikaituma hivyohivyo, na mgongo wangu ndani, roho mkononi. Mkufunzi alipiga simu. "Mgongo wako nimeuona wa kutosha," akasema. "Umefaulu. Ila kipande cha yule msichana wa nyuma naomba niwaonyeshe wenzako." Nilipiga yowe mpaka mama akamwaga chai.

Hebu niambie, wewe nawe harusini unasikia nini ambacho bibi harusi hasikii?

Nisalimie mkaza mjomba na watoto. Bibi anakuombea Mungu akulinde wewe na mgongo wako.

Na Kimya anakusalimu. Nilipomsimulia nilivyomsikia kwenye video, aliniuliza mbele ya darasa zima kwa nini simu ilimsikia kabla ya mwalimu. Jibu la kifundi nimemwahidi litatoka kwako. Langu nilimpa palepale: simu ilikaa karibu naye.

Ni mimi, mpwa wako anayekupenda na kukukumbuka,
Mwalimu (sasa unaweza kuniita hivyo)