Nilifunika Ukungu kwa Vitambaa vya Arobaini

Mpendwa Senga Rosalba, shangazi yetu wa ushauri gazetini, naomba msaada, na usitaje majina yetu kwa sababu hapa Kibuli, Kampala, sisi Wanubi tunajuana wote. Shida yangu ni mkamwana wangu Amito, binti wa mzee Obwona, Mwacholi aliyestaafu polisi, ambaye ameondoka nyumbani kwangu na mjukuu wangu Yasiin wa miezi mitano, na mimi ni mjane, nilimpokea msichana huyo ingawa watu walisema mengi, akasilimu, nikamfundisha kupika na kudarizi, na alipojifungua nikamwekea arobaini kama mama yangu alivyoniwekea mimi, siku arobaini chumbani, dirisha limefungwa asipigwe na baridi, jiko la makaa pembeni, maji ya kumkanda yanachemka asubuhi na jioni, ubani, na ukuta wote nimeuvika vitambaa nilivyodarizi kwa mikono yangu, wageni wakasifu mpaka nikaona haya.

Arobaini ikaisha lakini mvua haikuisha, nikasema dirisha libaki vilevile na nepi zianikwe humo humo ndani, ndipo mtoto akaanza kukohoa, usiku na mchana, kifua kinalia kama filimbi, na Amito kila siku ananiambia, "Mama, hii chumba nanuka, tufungue dirisha kidogo, mutoto hapana pumua muzuri," nami namjibu kwamba mtoto wa Kinubi anauawa na baridi na jicho la husuda, na wenye jicho walikuja wengi kutoka kwao, basi naongeza ubani. Siku moja nimerudi kutoka soko la Kalerwe kununua mchele nikamkuta amesimama juu ya kitanda, vitambaa vyangu vyote kavitupa uani, na ukuta ni mweusi kutoka sakafuni mpaka dirishani, ananyoosha kidole, "Angalia, Mama! Mutoto yangu nalala na hii kitu!" Nikamwambia mbele ya jirani yangu Lailah kwamba ni yeye aliyemwaga maji akaharibu ukuta, na kwamba aliyelelewa kambi ya polisi hajui kutunza nyumba, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda boda akaenda kwa baba yake Kyebando, hata kuaga hakuaga.

Jioni mwanangu Nasif aliuliza kumetokea nini nikamwambia hivyo hivyo, akaamini, akampigia mkewe simu wakagombana, sasa anasema, "Idi ikipita, mimi namupa talaka yake, kwisha," na ninapomsikia moyo unaniuma, kwa sababu, Senga, ule ukungu niliuona kabla Amito hajajifungua. Mfereji wa bati wa maji ya paa umetoboka upande ule, ukuta ulikuwa unalowa, na doa lilikuwa kubwa kama sinia, nikaona wageni wa arobaini watanicheka kwamba tangu mzee wangu afe nyumba inaoza, nikatundika vitambaa, halafu nikasukuma kitanda chao pale pale. Sikumwambia mtu. Nataka mjukuu wangu arudi lakini sitaki mwanangu ajue, nifanyeje? Na huo ukungu nautoaje bila dawa kali?

Haboba, yaani bibi, mwenye uchungu, Kibuli.

SENGA ROSALBA ANAJIBU

Mama, majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Pole kwa ujane, na pole kwa nyumba inayovuja bila mtu wa kukushika mkono. Aibu ya wageni naijua, hata mimi nimewahi kuficha sufuria nyeusi uvunguni. Lakini sufuria haikohozi. Wewe ulimlaza mtoto mchanga kando ya kitu ulichokijua, ukamfungia dirisha, na alipougua ukamtwika mama yake lawama. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mshukuru Mungu kwamba kwako bado ni kikohozi.

Umeniuliza utafanyaje Nasif asijue. Sina jibu hilo, na ningekuwa nalo nisingekupa. Mwite leo, kabla hujashika ufagio, umwambie ulichoniambia mimi. Usianze na mvua wala na mama yako. Anza na doa. Halafu mwambie ampigie mkewe simu, mtoto apelekwe hospitali leo hii, na daktari aambiwe kwamba amelala kwenye ukungu na moshi wa makaa miezi mitano. Kifua kinacholia hakitibiwi kwa ubani. Ubani unafunika harufu tu, ukungu wenyewe unaendelea kula.

Arobaini siigombi. Mzazi apumzike, akandwe, ale vizuri, hiyo ni heshima yenu nzuri. Ila maji yachemkie jikoni yaletwe kwenye ndoo, na jiko la makaa lisiingie tena chumba kilichofungwa, maana linaua watu wazima, sembuse mtoto. Mvuke wako wa asubuhi na jioni na nepi mbichi kwenye kamba ndivyo vilivyoulisha ukuta, pamoja na ule mfereji.

Sasa ukuta. Fundi azibe mfereji kwanza, kwa sababu ukuta unaokunywa maji utausugua mpaka ukuzeeshe. Kisha funga kitambaa puani, fungua dirisha na mlango, paka siki isiyochanganywa na maji, iache saa nzima, sugua kwa brashi, futa. Siki usiichanganye na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, hewa yake ni sumu. Plasta inayomeguka ibanduliwe. Ukuta ukikauka kabisa, si kukauka kwa macho, upake chokaa. Kitanda kikae mbali na ukuta, mkono upite. Nepi zianikwe nje au barazani, na dirisha lifunguliwe kila siku mvua inapotulia. Vitambaa vyako vifue kwa maji ya moto, uvianike juani, uvitandike mezani. Ukutani visirudi.

Hayo yote ni kazi ya mikono, utaiweza. Kazi ngumu iko Kyebando. Nenda na Nasif, na umchukue Lailah, kwa sababu ulimtukana Amito mbele yake na mbele yake ndipo utamtaka radhi. Mzee Obwona naye asikie uliyosema juu ya kambi ya polisi, kisha umwombe msamaha. Usiende na udi, wala usitaje jicho.

Amito anaweza kukataa kurudi. Akikataa, usimlaumu na usimtumie wazee wa kumsema. Utakuwa unakwenda wewe kwao kumwona mjukuu wako, utakaa pale watakapokuweka, na ukimkuta amelala chini ya dirisha lililo wazi, utanyamaza.